Magugu ya Mfereji wa Jangwani

Jumatatu, 3 Februari
Nimemwagilia, nimekata mchicha, nimeupeleka Kariakoo. Jua kali. Magugu maji yameziba mfereji wote, kila nikichota nayasukuma kwa ndoo. Bwana shamba kapita bondeni, kasema yanakunywa maji yetu, tuyang'oe yote. Nayachukia.

Jumanne, 4 Februari
Nimeng'oa mpaka mgongo umekufa ganzi. Mama Rehema, mwenye matuta ya chini yangu, aliniomba nibakize kidogo pale mpakani. Nikaona mambo ya kizee. Nikamaliza yote. Mfereji mweupe. Nimejiona mjanja.

Jumatano, 5 Februari
Sielewi. Kwangu tope tupu. Maji yote yamekimbilia kwa Mama Rehema. Mbegu alizosia juzi zimezolewa. Nimemwamkia shikamoo, kanipa mgongo. Anadhani nimemfanyia makusudi. Nimekasirika. Halafu aibu. Halafu hasira tena.

Alhamisi, 6 Februari
Mchicha umelala. Nimempigia bwana shamba. Sasa anasema huenda magugu ndiyo yalikuwa yanazuia maji yasikimbie. Jumatatu alisema yanayanywa. Nishike lipi? Atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo nitauza nini? Mama lishe wa Mchafukoge anayenunua mchicha wangu kashasema nikikosa mara moja anahamia kwa mwingine. Nikiziba kwa viroba vya mchanga, Mama Rehema atakauka. Nikiacha, nakauka mimi.

Ijumaa, 7 Februari
Sokoni sikwenda. Nimekaa kwenye tuta kama mjinga.

Jumamosi, 8 Februari
Asubuhi nimemkuta Mama Rehema ndani ya mfereji, kanga kaifunga kiunoni. Anarudisha magugu niliyoyatupa ukingoni. Pale pale mpakani. Nilisimama, sikujua nisaidie au niombe radhi.

"Usinitazame, shika upande huo," alisema. "Tukiyaacha huru, yatakula mfereji wote."

Tumeyabana kwa fito. Fungu dogo tu, maji yapite taratibu.

Jioni kwangu maji yamepanda kidogo, kwake yanachuruzika. Baadhi ya mchicha umeinuka. Mwingine nimeung'oa, umekwisha. Mama lishe sijui kama atanipokea. Wala sijui tena haya magugu ni adui au ni nini. Mama Rehema kasema yatapunguzwa kila asubuhi, kwa zamu.

Kesho naanza mimi.