Ni Kupanga au ni Posa?

Murukulazo, Jumatano jioni, Agosti 1975

Stela wangu amepata nyumba ya kupanga Kigali! Ya bati, sakafu ya saruji. Nani mwingine hapa ana binti muuguzi nchi za watu? Leo kwenye shamba la ujamaa nimewatangazia wote, hata wasiouliza.

Habari aliileta jana shemeji Andrea, aliyetoka kumwona. Jioni hii ndipo alipokumbuka kuimalizia. Eti mwenye nyumba hatoi ufunguo mpaka awaone wazazi wa msichana.

"Ana kijana wa kuoa?" nikamuuliza.

"Shemeji, hilo sikuuliza."

"Sasa huko ulikwenda kufanya nini?"

Akacheka. Mimi sicheki. Nikibeba pombe ya ndizi, watasema nimekubali posa. Nikienda mikono mitupu, watasema mtoto hana kwao, na nyumba atapewa mwingine. Stela mwenyewe angenidokeza, au naye...

Baba yake anasema kupanga ni kupanga tu. Haya, mbona ameshakwenda kuazima koti?

Pombe nitaibeba. Wakiuliza, nitasema ni ya kiu ya njiani. Mwenye nyumba anatungoja sote Jumamosi.