Kufuli Kwenye Koti

Kaka,

Uji uko kwenye chupa. Unywe wote, hata tumbo likikataa. Yai nimelifunika.

Asubuhi nimechukua koti lako nilifue, zikaanguka kufuli nne. Kumbe, fundi kufuli wangu, ulipanda nazo kwenye mizani ya kliniki! Nesi akafurahi umeongezeka, akakuachisha unga wa lishe. Nami nikapiga vigelegele, mjinga mimi.

~~Nitamwambia nesi.~~ Mwambie mwenyewe, leo hii. Koti liko kambani, limelowa. Utaenda na shati. Hizo ARV ndiyo kwanza umezianza, na mwili hauna akiba.

Najua umechoka kuniona nikilia. Acha nilie, kaka. Afadhali machozi ya kukuona umekonda kuliko ya kukuzika.

Dada yako