Filimbi Niliyompulizia Njeri

Wangari, mwenzangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia, nikiona ni ujinga kumwandikia mtu asiyeweza kujibu. Lakini baada ya mechi ya Bungoma nilitoa simu mfukoni nikupigie, kama tulivyozoea kila baada ya mechi, na kidole kikawa kimeshafika kwenye jina lako ndipo nikakumbuka. Sina mwingine wa kumwambia hili. Linamhusu binti yako, Njeri.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Njeri anakaa na Shosho, mama yako, pale pale Tuwan, Kitale. Anasumbuliwa na magoti, ila duka bado anafungua. Mimi bado niko Misikhu, nafundisha, na Jumamosi nachezesha mpira wa vikapu. Nimepewa refa mwenzangu mpya, kijana mtaratibu, mzuri kabisa, lakini hajui kunitania. Wewe ulicheka mpaka machozi siku ulimi uliponiteleza kwenye neno refa, nikawaambia makocha, "Mimi ndiye lefa wa leo." Tangu hapo ukaniita Lefa. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo.

Baada ya mazishi Njeri aliacha kucheza. Shosho aliniambia jezi ilikaa chini ya godoro, na ukimwuliza anatoka nje. Muhula huu ndipo akarudi kwenye timu ya shule. Amekonda, lakini mbio ni zile zile. Nilifurahi niliposikia. Sikujua kwamba wakija Bungoma kucheza fainali, mwenye filimbi nitakuwa mimi.

Unakumbuka ulivyonifundisha habari ya mchezaji kuanguka? Ilikuwa huko Kitale, tukichezesha pamoja mara ya kwanza. Msichana aliteleza na mpira mikononi, nami papo hapo nikapuliza, nikazungusha ngumi kuonyesha ametembea na mpira, yaani traveli. Hukunikosoa mbele ya watu. Ulingoja mechi iishe, kisha ukajilaza kwenye simiti na shati lako la urefa, mpira umeukumbatia tumboni.

"Nafula, si uniambie. Hapa nimetembea?"

"Umeanguka."

"Basi! Kuanguka na boli si makosa. Hata niteleze nayo mpaka kule kwa mlingoti, wacha. Lakini nikibiringika nayo, ama nianze kuinuka kama bado nimeishika, hapo sasa pulizia. Na usipulize ati kwa sababu watu wamepiga kelele."

Wasichana waliokuwa wakifunga viatu walikuwa wakikucheka. Wewe hukujali.

Sasa sikia yaliyotokea. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, uwanja ukafutwa lakini haukukauka vizuri. Dakika ya mwisho wenyeji walikuwa mbele kwa pointi moja. Njeri akampokonya mtu mpira, akaruka nao kuelekea kikapu chao, mguu ukateleza. Alianguka kwa ubavu, akateleza na mpira ameukumbatia, akakomea karibu na miguu yangu, bado yuko chini.

Uwanja mzima ukapasuka. "Traveli! Traveli! Refa, kwani huoni?" Kocha wa wenyeji aliingia nusu uwanjani akizungusha mikono. Sikupuliza. Mikono yangu niliiweka chini. Nilikusikia, Wangari, kama uko begani kwangu.

Mwenzake alikuwa peke yake chini ya kikapu, anamwita. Pasi moja tu. Njeri alikuwa ameketi, mpira mapajani, lakini hakumtazama mwenzake. Alitazama kule nyuma ya kikapu, pembeni, kama mtu aliyeitwa. Kisha akaweka goti chini, akajiinua, mpira bado mikononi.

Nikapuliza.

Wenyeji wakapewa mpira, wakaushikilia mpaka muda ukaisha. Njeri hakulia. Alinipita akielekea kwenye basi lao, akasema bila kunitazama, "Hata wewe, Anti?" Maneno hayo tu. Nilifika nyumbani nikashindwa hata kuvua viatu. Ulikuwa uamuzi wa haki, najua. Lakini ule uso wake ulikuwa uso wako, na niliupulizia filimbi.

Wiki iliyofuata nilipanda Kitale. Shosho alinipa chai akatuacha sebuleni. Nilikuwa nimejipanga kumweleza sheria, na sikupata nafasi.

"Najua ni traveli," Njeri alisema. "Mama alinifundisha nikiwa mdogo."

"Sasa mbona uliinuka?"

Aliweka kikombe mezani.

"Mama alikuwa anakaa pale nyuma ya kikapu. Kila mechi yangu. Nikianguka ananiwekea mkono hivi," akashusha kiganja polepole, "nikae, nisiinuke, nitafute wa kumpatia. Sasa nikaanguka. Nikamwangalia. Anti, nilisahau. Yaani nilisahau kabisa. Nikaona hapo hakuna mtu, nikasimama nimtafute."

Wangari, mimi nilijua ulikuwa hukubali kuchezesha mechi za mtoto wako. Nilijua ulikuwa unakuja kukaa pembeni kama mzazi yeyote. Huo mkono sikuwahi kuujua. Ulikuwa wenu wawili.

Alilia kilio ambacho hata kaburini hakukilia. Nami nililia, nikamshika, chai ikapoa. Shosho alichungulia mlangoni, akachukua vikombe akaenda kupasha chai upya. Baadaye Njeri akaniuliza kama ulikuwa na maumivu siku za mwisho. Hakuna aliyemwambia ukweli, kila mtu alikuwa anamficha. Nikamwambia yote niliyoyaona hospitalini, na vile ulivyokuwa ukiuliza kama amekula. Jioni alinisindikiza mpaka stendi. Amesema likizo atakuja Misikhu.

Lala, rafiki yangu. Sitakudanganya kwamba nimezoea. Ninachokuahidi ni hiki: akija tena mbele ya filimbi yangu sitampendelea, maana ungenikasirikia. Na siku nisiyochezesha, nitapanda Kitale mapema, nitatafuta ile nafasi nyuma ya kikapu, na nitakaa hapo nionekane.

Wako,
Lefa