Majina Manane ya Kupeleka Mtoni

Jumanne, 12 Juni
Nimesahihisha madaftari ya hesabu hadi kalamu nyekundu ikakauka. Bado kumi na matatu. Manyunyu tangu asubuhi, ubaridi wa kukata vidole, darasa zima linakohoa. Saa nne mwalimu mkuu, Bwana Kariithi, akaniita ofisini. Nyuma ya kiti chake imebandikwa ile karatasi ya wilaya, shule zote zimepangwa kwa matokeo ya mwaka jana. Sisi ni wa tatu. Jina letu limepigiwa mstari. Anataka tuwe wa kwanza. Anataka majina ya wale watakaotuangusha kwenye mtihani wa darasa la saba, kabla ya Ijumaa. Nikasema ndiyo, Bwana. Huwa nasema ndiyo upesi mno. Najijua.

Alhamisi, 14 Juni
Majina manane. Nimeyaandika kwa mwandiko wangu bora, utadhani ni mwaliko wa harusi. Desturi ni ile ile ya kila mwaka. Wazito wanaandikishwa kufanyia mtihani katika shule ya kule mtoni, ambayo ni ya mwisho wilayani na haina cheo cha kupoteza. Alama zao zinahesabiwa huko. Sisi tunabaki wepesi. Mwaka jana nilipeleka sita na sikuwaza lolote. Mwaka huu kalamu ilisimama kwenye jina la nne. Nyambura. Ana miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mimi, anaandika insha ambazo nazisoma mara mbili kwa kupenda tu. Lakini hesabu! Nne kwa hamsini, na hata hiyo nne nilimhurumia.

Jumapili, 17 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Nyambura anaimba kwaya, mstari wa nyuma. Aliniona akatabasamu. Nikatazama viatu vyangu.

Jumatatu, 25 Juni
Mama Nyambura amekuja shuleni na kikapu cha viazi vitamu. Kunishukuru! Bwana Kariithi amewaambia wazazi wa wale wanane kwamba madawati hayatatosha siku ya mtihani, ndiyo maana watoto wao wataandikia mtoni. Mama ameamini. Huyu ni mtu aliyeacha kazi ya kuchuma majani chai kule Kangari, akaacha na boma la mama yake, akaja kupanga chumba kimoja Majengo, nyuma ya msikiti. Anauza mboga kibandani. Yote hayo kwa sababu mtu alimsomea karatasi ya wilaya ya wakati ule, akasikia shule yetu iko juu.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma, lakini namba naijua," akaniambia. "Mtoto yangu ako shule mzuri. Akianguka sasa, tunarudi Kangari wote wawili, na yeye ashike kikapu ya majani. Lakini hataanguka, ama?"

Nilisema hataanguka. Nilipokea viazi. Ningemwambia ukweli hapo hapo, kikapu kikiwa mkononi. Sikumwambia. Mwoga mimi.

Jumatano, 27 Juni
Nimechemsha vile viazi. Vitamu kweli. Nilikula kimoja, vilivyobaki nikampa jirani.

Ijumaa, 29 Juni
Nimetumwa mtoni kupeleka fomu. Miaka sita nafundisha huku juu na sijawahi kuteremka huko. Nilitarajia vurugu. Madirisha mawili yamezibwa kwa mbao, hilo ni kweli. Mwalimu wa darasa la saba ni mzee, Mugo, alianza kazi kabla ya Uhuru. Koti lina viraka viwikoni. Kila chaki anaikata vipande vitatu. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Hakuna aliyepiga kelele, hata yeye. Mtoto akikosea ubaoni, Mugo anamwuliza amefikaje hapo. Darasa linangoja. Wanarudi naye nyuma, hatua kwa hatua, hadi pale alipopotea. Kwetu akikosea tunamwambia keti, tunamwita anayejua.

Alipokea fomu bila kushangaa. Kila mwaka anapokea za shule tatu. Alisoma majina yote polepole. Kwenye la nne akaniuliza shida ya huyu ni nini. Nikasema hesabu.

"Hesabu gani?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa na penseli tayari, anangoja aandike. Nilisimama pale kama mtoto aliyekuja shule bila kunawa uso. Miaka miwili Nyambura ameketi mbele yangu. Sijui ni hesabu gani.

Nilipanda kilima nusura nikimbie. Sikuwa nimechelewa popote.

Jumamosi, 30 Juni
Nilimwita Nyambura nyumbani. Tuliketi barazani na karatasi. Kujumlisha, safi. Kutoa, safi. Kuzidisha, ananishinda mimi. Kugawanya, ukuta. Alikaza macho kwenye ile hesabu hadi yakamtoka machozi, kisha akaniambia. Alipokuwa darasa la nne, msimu wa majani mengi, alikuwa akichuma na mama yake asubuhi kabla ya shule. Akifika shuleni, hesabu zimekwisha. Kugawanya kulipita hivyo. Baadaye akaona haya kuuliza, kwa kuwa wenzake wote walijua. Na sehemu, na asilimia, zote zinasimama juu ya kugawanya.

Ni hilo tu. Shimo moja, na mimi nimekuwa nikimwandikia "Jitahidi" kwenye ripoti kila muhula. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani mwingine.

Jumatano, 4 Julai
Nilikwenda kwa Bwana Kariithi. Nikamwomba amrudishe Nyambura kwenye orodha yetu, nitamfundisha mwenyewe. Hakunifokea. Alisema fomu zimeshakwenda, halafu akaelekeza kidole gumba kwenye karatasi iliyo nyuma yake. Ati wazazi hawaulizi tunafundishaje, wanauliza sisi ni wa ngapi. Kinachoniudhi ni kwamba hapo hakusema uongo.

Nimepanga kabati upya. Nimelipangua. Nimelipanga tena.

Jumamosi, 21 Julai
Mugo huwafundisha hawa wa kupelekewa kila Jumamosi, saa tatu hadi saa saba. Hakuna aliyemtuma. Nimeanza kwenda, nakaa nyuma, nasahihisha. Anamwaga maharagwe mezani, watoto wanayagawa mafungu mafungu kama mama anayepakulia wageni. Leo Nyambura aligawanya mia tatu na kumi na mbili kwa kumi na mbili. Akapata ishirini na sita. Alirudia mara tatu, hakuamini. Nilitoka nje kupenga kamasi.

Jumanne, 13 Novemba
Mtihani. Nimewekwa kusimamia shule nyingine kabisa. Nilizunguka kati ya madawati hadi msichana mmoja akaniomba nitulie. Mkono mfukoni nilikuwa napapasa haragwe moja. Nililichukua mezani kwa Mugo, sijui lini.

Jumatano, 14 Novemba
Nyambura anasema hesabu zilikuwa "sawa tu." Sawa tu! Mtoto huyu ataniua.

Alhamisi, 10 Januari
Karatasi mpya imebandikwa nje ya ofisi ya elimu. Watu wamejaa, wanasukumana, mmoja anawasomea wengine. Sisi ni wa kwanza. Shule ya mtoni ni ya mwisho tena. Itakosaje, na shule tatu zimeimwagia wazito wao? Nyambura amepita. Ameitwa sekondari ya wasichana upande wa Murang'a. Wanne wengine kati ya wale wanane wamepita pia. Ukiisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini, huoni hata moja kati ya haya.

Jumamosi, 12 Januari
Sherehe shuleni. Mbuzi wawili, kwaya, wazazi wapya wamesimama hadi langoni wakitafuta nafasi. Bwana Kariithi akasoma majina ya watoto wetu walioitwa sekondari. Katikati akasoma la Nyambura. Wetu! Mama yake akapiga vigelegele, kitambaa cha kichwa kikamtoka.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema Nyambura aliandikia mtoni, na alama zake zimehesabiwa huko. Nilisema hakukosa dawati. Mimi ndiye niliyeandika jina lake kwenye orodha ya watakaotuangusha, yeye na wenzake saba. Aliyemfundisha kugawanya ni Mwalimu Mugo wa shule ya mwisho. Sauti yangu ilikuwa mbaya, nyembamba. Nikaketi. Bwana Kariithi akaomba kwaya iimbe.

Mama Nyambura alinifuata karibu na jiko. Ningependa anitukane.

"Sasa hiyo namba ilikuwa ya nini, Mwalimu?"

Alingoja kabisa nijibu. Akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda kumtafuta mtoto wake.

Jumatatu, 14 Januari
Muhula mpya. Darasa la saba amepewa mwalimu mwingine. Mimi nimeshushwa darasa la nne. Ni adhabu, walimu wote wanajua, hakuna aliyenitazama usoni wakati wa chai. Asubuhi, nikiwa dirishani, nilimwona Mama Nyambura anateremka njia ya mtoni na kikapu cha viazi.

Watoto arobaini na wanne. Wengine miguu haifiki sakafuni. Kwenye mpango wa masomo wiki ya kwanza ni kugawanya. Nilikuwa nimeleta maharagwe kwenye kopo. Tulipofika katikati ya somo, mlango ukafunguka, msichana mmoja akaingia, pindo la sketi limelowa umande hadi magotini. Alisimama akingoja kufokewa. Nilimwonyesha nafasi ya mbele. Kisha nikafuta ubao wote, nikaanza upya.