Hodi ya Nne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unakwenda jikoni kwa kushika ukuta? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini moyo umevunjika. Soma ukiwa umeketi.

Bibi Marta, niliyekuja kumtunza huku Slovakia, amefariki. Tulimzika jana.

Hujapata kukiona kijiji hiki, basi nikueleze kama alivyonieleza yeye. Kiko bondeni, katikati ya vilima viwili vya misonobari, na wakati wa baridi jua hukichungulia tu likaenda zake. Mto wake ungeuvuka bila kukunja buibui. Mamake alizaliwa humu chini ya mfalme wa Wahungaria, yeye akazaliwa Chekoslovakia, na sasa ni Slovakia. Nyumba ni ile ile. "Nchi ndizo zilizohama," akisema, "mimi sijavuka hata daraja." Watu walichimba chuma mlimani mpaka mgodi ukafungwa, vijana wakashuka mjini, shule ikatiwa kufuli. Nyumba zinazofuka moshi zimebaki tisa. Nikiondoka mimi zitakuwa nane.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea chai. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi kwa Kiswahili, maana nilimfunza, naye kila siku huitikia "Karibu!" kwa ulimi wake mzito nami nikacheka. Siku hiyo kimya. Nikabisha mara tatu. Nikakumbuka maneno yako: "Hodi ni tatu, mwanangu. Usipojibiwa, rudi ulikotoka. Ya nne ni utovu wa adabu." Nikadhani amelala. Nikarudi jikoni, chai nikaifunika kwa kisahani.

Nilipoingia ilikuwa adhuhuri. Alikuwa sakafuni, mkono ameunyosha kuelekea mlangoni. Daktari alisema alianguka alfajiri, na hakufa upesi.

Mwanawe alikuja kutoka mjini. Akaniuliza, "Ulisimama mlangoni, kisha ukaondoka? Kwa nini?" Nikamwambia ndiyo adabu ya kwetu. Akanitazama, akasema, "Jumapili uwe umeshaondoka." Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Habari zote za kijiji hiki alinimwagia mimi, mgeni niliyetoka kwetu Jomvu Kuu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeketi kumsikiliza. Na mimi ndiye niliyemwacha pale chini. Jirani wa hapa kijijini ananiambia ajali haina kinga. Wallahi hainiingii. Kinga ilikuwa kuzungusha kitasa tu, nami mkono wangu ulikuwa umeshika kikombe.

Sikulaumu, Mama. Ulinifunza kwa watu wanaoishi wengi nyumba moja, ambako akinyamaza mmoja yuko wa pili kumwamsha. Huku hakukuwa na wa pili ila mimi.

Msalimie kaka Athumani, na shangazi aliyenishonea koti la safari, na jirani yetu muuza mahamri. Usiwaambie kisa hiki, nitawaambia mwenyewe.

Tiketi sijui nitaipata lini. Lakini siku nitakayofika mlangoni kwako, nitabisha hodi mara tatu. Usipoitika, Mama, nisamehe: nitaingia.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha