Tiana na Kitabu cha Sungura

Gau, nimeaibika! Niko kwenye treni, tunnelbana, na Tiana wangu.

Kile kikao cha kuomba nimtoe shule nimfundishe nyumbani. Rektor, yule mkuu wa shule, akaanza na sheria: Sweden hairuhusiwi, eti dyslexia yake, ile ya herufi kumchanganya, si sababu. Nikawaka. Nikamwambia, nyie mmeshindwa, mimi nimemfundisha kusoma jikoni kwangu Rågsved!

Nikatoa kile kitabu cha sungura ulichomletea kutoka Bukoba. "Tiana, wasomee."

Akasoma Gau! Ukurasa mzima, hakukwama hata kidogo. Nikawakodolea macho, nikasema leo mtanitambua.

Yule mwalimu wake wa msaada, hata Kiswahili hajui, akasema taratibu, "Lakini anakutazama wewe, hatazami kitabu." Akafunua katikati. "Na hapa?"

Tiana akaanza, "Sungura aliamka na njaa..." Yale yale! Ya ukurasa wa kwanza!

Anakutazama wewe. Hatazami kitabu. Mbele ya wote wale.

Si unajua tulivyofundishwa sisi? Mwalimu anasoma, darasa zima linaitikia. Na mimi ndivyo nilivyofanya. Nasoma, anarudia, nampigia makofi.

Hawakucheka hata. Wangecheka ningepata wa kumtukana. Rektor kanimiminia kahawa tu, ananionea huruma. Huruma yake apeleke huko!

Sasa hivi nimemuuliza Tiana, mbona hukuniambia umekariri tu? Kanijibu kwa Kiswidi, anaangalia dirishani: "Ulikuwa unafurahi, mama. Shuleni hakuna anayefurahi nikisoma."