Jembe na Nyumba Jukwaani

Lushoto, Septemba 1965

Mdogo wangu Secilia,

Mungu ametulinda, na maharage yamestawi. Jana shemeji yako Rubeni, mgombea ubunge wa alama ya Jembe, alipanda jukwaa moja na mpinzani wake, Hassani wa alama ya Nyumba. Mama mmoja akauliza daraja letu litajengwa lini. Rubeni akaahidi hata kabla swali halijaisha! Hassani akasema, “Sijui, mama. Nitauliza.”

Jirani akaninong'oneza, “Mama Timotheo, ni mumeo, lakini sema kweli. Nani kajibu vizuri?”

“Hassani,” nikasema.

Kumbe Rubeni ameshashuka, yuko nyuma yangu! Niliogopa kurudi nyumbani.

Mezani aliombea chakula, kisha akacheka. “Hata mimi nilimpigia Hassani makofi. Lakini kura utanipa?”

Nikamwongezea mboga.

Dada yako anayekuombea,
Marta